Kiigizi: simu iliyotangulia simu yenyewe

Kwa desturi kitu huja kwanza, mwigo wake hufuata. Noti halali hutangulia, noti bandia hufuata. Kwa simu za Android mambo yalikwenda kinyume. Mnamo Novemba 12, 2007 kampuni ya Google iliwapa waundaji programu kote duniani kifurushi cha zana za kazi, na ndani yake mlikuwa na simu inayoishi kwenye skrini ya kompyuta tu. Simu ya kwanza ya Android ya kushikwa mkononi, HTC Dream, iliyouzwa Marekani kwa jina la T-Mobile G1, iliingia madukani Oktoba 22, 2008. Kwa zaidi ya miezi kumi na mmoja, basi, mwigo ulikuwapo na mwigwa hakuwapo.

Kidude hicho cha kwenye skrini ndicho mafundi wanachokiita emuleta. Katika makala ya juma hili nakusudia kueleza historia yake, kisha nijibu swali moja la lugha: sisi tukiite nini? Huenda msomaji akauliza, kwani lina haraka gani? Lina haraka. Vijana wetu wanakitumia kidude hicho kila siku, na kitu usichokuwa na jina lake ni vigumu kukielewa, seuze kumfundisha mwenzio.

Mifano yangu naitoa Kitengela na Kajiado mjini, ambako nimekuwa nikikaa na vijana wanaojifunza kuunda programu za simu. Kajiado ilipata jina lake kutoka kwa maneno ya Kimaa yenye maana ya mto mrefu. Kitengela ilikuwa nyika ya malisho, ambako ng'ombe na nyumbu walishiriki nyasi kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Viwanda vya Athi River vilipovuta wafanyakazi na mashamba yakakatwa vipande, nyika hiyo ikawa mji. Sensa ya 2019 iliwahesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela. Leo ukipita kando ya barabara ya Namanga hukosi saiba, watu wamepanga foleni kuchapisha vyeti na kujaza fomu za serikali. Kompyuta za mezani humo aghalabu ni zile zilizotumika kwanza katika ofisi za ng'ambo, wauzaji wakaziita eksi-UK.

Kijana anayetaka kuunda programu ya simu atapata kompyuta kama hiyo kwa bei anayoweza kujipangia. Kununua simu kumi za aina mbalimbali ili aone kama programu yake itafanya kazi kwenye kila moja, hilo si mchezo. Na mwanafunzi wa shule ya bweni yuko pabaya zaidi: simu haruhusiwi kuwa nayo kabisa. Chumba cha kompyuta anacho, lakini simu anayotakiwa kuiundia programu imefungiwa nyumbani. Kwake yeye, simu ya kwenye skrini ndiyo simu pekee ambayo mwalimu hawezi kumnyang'anya.

Sasa turudi nyuma. Wazo la mashine moja kuwa mashine nyingine ni la zamani kuliko kompyuta zenyewe. Mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alionyesha, kwa hoja na karatasi, kwamba inawezekana kuwa na mashine moja ambayo ukiipa maelezo ya mashine nyingine yoyote, itafanya kazi ya hiyo nyingine. Hakukuwa na kompyuta ya kulijaribia wazo hilo wakati huo.

Biashara ndiyo iliyolifanya wazo hilo kuwa kifaa. Mwaka 1959 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta iliyoitwa 1401. Ilipendwa mno, na maelfu ya kampuni zikaandika programu zao za mishahara na madeni kwa ajili yake. Kisha, Aprili 7, 1964, IBM ikatangaza jamii mpya ya kompyuta, System/360. Zilikuwa na nguvu zaidi, ila hazikuelewa hata agizo moja lililoandikiwa 1401. Mteja angefanya nini? Atupe programu za miaka mitano aanze upya? Washindani waliunusa mwanya huo. Kampuni ya Honeywell ilikuwa imekwisha kutangaza mashine yake, Honeywell 200, na zana ya kuwawezesha wateja wa 1401 kuhama na programu zao.

Wahandisi wa IBM walijua kwamba programu tupu ingeweza kuiga 1401, na kwamba mwigo wa namna hiyo, ulioitwa simuleta, ulikuwa mzito kama kobe. Wakachanganya programu na maagizo madogo yaliyozikwa ndani ya mashine yenyewe, na kasi ikapanda. Walichofanya baada ya hapo ndicho kinachonivutia mimi kama mtu wa lugha. Hawakuridhika kukiita kitu kipya kwa jina la zamani. Mwaka 1963 wakatafuta neno, wakaja na emuleta. Kilatini kilichozaa maneno hayo mawili kinayatofautisha vizuri: simuleta linatokana na kujifanya, emuleta linatokana na kushindana na mtu hadi ulingane naye au umpite. Mafundi wale walisimamisha kazi kidogo wakashughulikia jina.

Huku kwetu Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa miongoni mwa taasisi za kwanza kutumia kompyuta nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960. Ni reli ile ile yenye tawi linalotoka Konza, likapita Kajiado hadi Magadi, lililojengwa kwa ajili ya magadi na kukamilika 1915. Kwa hivyo Kajiado haikuwa mbali sana na hadithi hii kama mtu anavyoweza kudhani. Hesabu za mabehewa yake zilifanywa na shirika lililokuwa mstari wa mbele kuacha leja za mkono.

Hadi hapo mashine mpya ilikuwa ikimwigiza marehemu ili mali yake isipotee. Mwaka 2007 ukageuza mambo. Google ilitaka Android ianze ikiwa na programu nyingi, ila simu hazijatengenezwa. Ikatangaza tuzo za jumla ya dola milioni 10 kwa waundaji programu. Kufikia Aprili 2008 programu 1,788 zilikuwa zimewasilishwa, na zote ziliundwa kwa simu ambayo duka lolote duniani halikuwa nayo. Zana iliyowezesha jambo hilo ilijengwa juu ya QEMU, programu huria ya Mfaransa Fabrice Bellard iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003.

Kenya mwaka huo huo wa 2007 ilikuwa na habari yake ya simu: M-Pesa ilizinduliwa mwezi Machi. Iliendeshwa kwa laini ya simu na ilitosha kwenye mulika mwizi. Simu za Android zilienea hapa baadaye kidogo, hasa kuanzia 2011, Huawei IDEOS ilipouzwa kwa takriban shilingi 8,000. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka kuunda programu ya Android angeweza kuanza bila simu yoyote. Alihitaji kompyuta, intaneti ya kupakulia na subira.

Subira hasa! Aliyetumia emuleta za miaka ya mwanzo atakusimulia: unaiwasha, unakwenda kunywa chai, unarudi bado inawaka. Sababu yake inaeleweka vyema mahakamani. Lugha za mahakama zetu ni Kiingereza na Kiswahili. Mzee wa Kajiado anayezungumza Kimaa pekee husikizwa kupitia mkalimani, na kesi ya dakika kumi huchukua nusu saa. Simu nyingi hutumia prosesa za aina ya ARM, ilhali kompyuta za mezani nyingi zina prosesa za Intel au AMD, zenye lugha nyingine. Emuleta ya zamani ilikuwa mkalimani: kila agizo la ARM lilifasiriwa kabla ya kutekelezwa. Baadaye Android ikatolewa pia kwa lugha ya Intel, na emuleta ikaruhusiwa kuitumia prosesa moja kwa moja. Mkalimani akapumzika.

Hiyo ndiyo sababu hatua ya kwanza ya kuiweka emuleta leo haifanywi ndani ya emuleta yenyewe. Inafanywa kwenye bayosi, yale mandhari ya maandishi matupu yanayotokea ukibonyeza F2, F10 au kitufe kingine mara tu kompyuta inapowaka. Humo mna swichi ya kuiruhusu prosesa iendeshe mashine pepe, na kwenye kompyuta nyingi za eksi-UK huwa imezimwa. Nimeona vijana wakilaumu intaneti, wakalaumu Windows, kumbe ni swichi hiyo moja. Ukishaiwasha, unapakua Android Studio, zana ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2014, unachagua umbo la simu na toleo la Android, halafu unahakikisha kwamba toleo hilo ni la lugha ya prosesa yako. Upakuaji ni wa gigabaiti kadhaa, na bando si bure. Vijana wa Kitengela wametatua hilo kijamaa: mmoja hupakua usiku, wengine hunakili kwa flashi.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Kompyuta yenye gigabaiti 8 itajikakamua. Yenye 4 itaganda, kipanya kisisogee, feni ivume kama kinu. Wahenga walisema mwiga tembo hupasuka msamba, na mimi sijapata kuona methali ikitimia waziwazi namna hiyo.

Simu ikishawaka, huja maswali. Mwanafunzi mmoja wa Kajiado alifungua ramani akashtuka. "Mwalimu, mbona hii inasema niko Amerika?" Nilimwambia simu hiyo haijadanganya, imeambiwa hivyo. Emuleta ya Android huzaliwa ikiamini iko Mountain View, California, yalipo makao makuu ya Google, na itabaki na imani hiyo hadi uiambie vinginevyo. Unaweza kuihamisha kwa kuandika agizo lenye nambari mbili: longitudo kwanza, latitudo baadaye. Kitengela ni 36.96 kisha -1.47. Ukizipanga kama tulivyozoea kwenye Jiografia, latitudo mbele, simu yako itajikuta baharini, mashariki ya pwani ya kusini ya Uhispania.

Akauliza tena: "Na kwa Kiswahili hii kitu inaitwaje?" Hapo ndipo kazi ilipo.

Wapo wanaosema tuseme emuleta na tusonge mbele. Mimi sina ugomvi na utohozi. Kompyuta, intaneti na programu zimeingia na zimekaa. Ila tukitohoa emuleta itatubidi tumtohoe na nduguye, simuleta, na huyo ana matatizo. Kijana mmoja wa Kitengela alilisikia neno hilo akadhani ni sentensi: simu, leta! Mwingine alidhani lina uhusiano na simulizi, akatarajia kusimuliwa kitu. Neno linalompoteza msikilizaji siku ya kwanza litaendelea kumpoteza.

Wapo wanaopendekeza kiigaji, kutokana na kuiga. Neno hilo lina sarufi nzuri na harufu mbaya. Katika Kiswahili anayeiga hasifiwi. Methali ya tembo inamcheka, na mitaani ukiambiwa unaiga umetukanwa. Kuigiza ni jambo jingine. Mwigizaji hupanda jukwaani akawa mfalme, hadhira ikamwamini kwa muda, na akishuka hakuna anayemshtaki kwa uwongo. Emuleta hufanya hivyo hasa. Inapanda jukwaani ikawa simu, na hadhira yake ni programu: programu huuliza skrini ni ya upana gani, betri imebaki asilimia ngapi, hapa ni wapi, na kila swali hujibiwa kama ambavyo simu ingejibu.

Kutokana na kuigiza tunapata kiigizi, na ngeli ya KI-VI inajileta yenyewe: kiigizi hiki, viigizi hivi. Njia hii ya kuunda maneno tunaijua. Kuchapisha kumetupa kichapishi. Kung'amua kumetupa king'amuzi, neno ambalo hakuna aliyelifundishwa darasani, ila mitambo ya televisheni ya analogi ilipozimwa Kenya mwaka 2015 kila nyumba ililazimika kulijua ndani ya majuma machache. Nalo lile jina la mwigo mzito wa programu tupu tungeweza kuliacha kuwa mwigo tu. Tofauti hiyo ina kazi hadi leo. Kampuni ya Apple zana yake ya iPhone huiita simuleta, na ina haki: programu humo hutayarishwa kwa lugha ya kompyuta yenyewe, na prosesa ya simu haiigizwi. Mwalimu mwenye maneno mawili atalieleza hilo kwa sentensi moja. Mwenye neno moja atazunguka.

Zipo juhudi za nyuma za kujifunza kutoka kwazo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ili kufanya hivyo walilazimika kutafutia Kiswahili istilahi nyingi zinazoonekana kwenye menyu. Istilahi za mtumiaji zikapatikana. Za muundaji, yule anayefungua mashine na kutazama ndani, zikabaki nyuma, kana kwamba Mswahili ataishia kubonyeza tu.

Kuna sababu nyingine ya kupenda kiigizi, na hii inahusu mifuko yetu. Simu ya kwenye skrini inaweza kupokea ujumbe mfupi ulioandikwa na wewe mwenyewe, ukaupa nambari ya mtumaji unayoitaka. Anayeunda programu ya kumsaidia mama mboga kujumlisha malipo yake anauhitaji uwezo huo ili ajaribu bila kutumia hela. Safaricom nayo, ilipozindua mfumo wa Daraja mwaka 2017, iliweka uwanja wa majaribio ambapo malipo huigizwa. Lakini sote tunajua jamaa wanaotuma ujumbe wa uongo wa M-Pesa, kisha wakapiga simu wakilia kwamba wamekosea nambari. Ujumbe ni kama ule ule, maneno ni yale yale. Vijana waliniuliza tofauti iko wapi, na Kiswahili kilikuwa na jibu tayari: huyu anaigiza, yule anaghushi. Anayeigiza hadhira yake inajua kuna jukwaa. Anayeghushi anaificha jukwaa. Somo hilo la maadili nisingeliweza kwa neno emuleta, maana halina ndugu wa kulilinganisha naye.

Hata hivyo kiigizi kisitukuzwe kupita kiasi. Kundi moja la vijana liliunda programu ya bei za mifugo kwa ajili ya soko la Bissil. Kwenye kompyuta ilikwenda kama maji. Kwenye simu ya mchungaji ilikwama. Kiigizi hakijui jua la saa saba linavyofifisha skrini, hakijui mtandao unaokuja na kuondoka ukiwa bondeni, wala simu ya bei nafuu iliyojaa picha hadi haina pa kupumulia. Vijana hao waliipunguza programu yao uzito wakarudi sokoni, wakaona ni nani anaweza kuisoma na ni nani anahitaji apigiwe tu kwa kabambe yake. Mwigizaji hodari wa daktari hatibu mgonjwa.

Historia hii ya miaka sitini ina mafunzo kwetu sisi wa lugha. Mafundi wa 1963 waliona kitu kipya, wakakataa kukiita kwa jina lisilokitosha. Sisi tumekipokea kitu hicho kikiwa kizee, tena kimeingia hadi kwenye saiba za Kitengela na vyumba vya kompyuta vya Kajiado, na bado tunakiita kile kidude. Baraza la Kiswahili la Tanzania lipo tangu 1967, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar. Ni juu yao kupima mapendekezo na kuyasanifisha. Lakini king'amuzi hakikusubiri kikao, na kiigizi hakina haja ya kusubiri. Walimu wa kompyuta na walijaribu neno hili darasani muhula ujao. Wakiona linawakwaza wanafunzi, wawaulize wanafunzi hao hao wangependa lipi, kisha watuandikie tulijadili.